UZI: Jinsi ruzuku za serikali zinavyonunua ardhi ya mapumziko ya umma Marekani, na sharti lisilokwisha muda

Mpandamiti (mtoa mada)

Ndugu wana jukwaa, salamu.

Ninaishi katika mji mdogo wa katikati ya Marekani, na kwa miaka sita sasa nimekuwa mjumbe wa kujitolea katika kamati ya bustani na viwanja vya umma ya mji huo. Katika jamii yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa, wengi wakiwa ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi, nimeulizwa swali moja mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali nilijibu kwa maandishi: kwa nini halmashauri ya mji inanunua shamba la kando ya mto kwa fedha nyingi, halafu haijengi soko wala nyumba, bali inaliacha liwe nyasi, miti na njia ya kutembea? Na fedha hizo zinatoka wapi, ikiwa kila mwaka tunaambiwa kwamba bajeti ya mji haitoshi?

Jibu fupi ni kwamba nusu ya fedha hizo zilitoka serikali ya shirikisho kwa njia ya ruzuku, kupitia Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji, ambao hapa watu huutaja kwa herufi nne tu, LWCF. Jibu refu ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu ninaamini kwamba sharti linalofuatana na ruzuku hizo lina thamani kubwa kuliko fedha zenyewe, na sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kulielewa.

Nianze na chimbuko lake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wamarekani wengi walipata magari, likizo yenye malipo na barabara nzuri, wakaanza kumiminika kwenye fukwe, maziwa na misitu, wakati uleule ambapo kingo za maziwa na mashamba ya pembezoni mwa miji zilikuwa zikikatwa viwanja na kuuzwa kwa kasi. Mwaka 1958, Eisenhower akiwa rais, Bunge liliunda tume ya kuchunguza mahitaji ya wananchi ya mapumziko ya nje, ikiongozwa na Laurance Rockefeller. Tume hiyo ilipowasilisha ripoti yake Januari 1962, ilionyesha jambo ambalo hata leo linapaswa kuzingatiwa na kila mpangaji wa miji: ardhi ya umma ilikuwa nyingi, lakini ilikuwa mbali na watu. Misitu na milima mikubwa ya serikali iko magharibi, ilhali mamilioni ya wananchi waliishi katika miji ya mashariki na kaskazini, na mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki hawezi kusafiri siku mbili ili akapunge upepo. Ardhi iliyohitajika ilikuwa ile ya karibu, na ya karibu ilikuwa na wenyewe, kwa hiyo ilibidi inunuliwe.

Yako majimbo ambayo hayakusubiri. New Jersey ilianzisha mpango wake wa Green Acres mwaka 1961, baada ya wapiga kura kuidhinisha hati fungani za dola milioni 60 kwa ajili ya kununua ardhi. Mwaka huohuo Gavana Gaylord Nelson wa Wisconsin aliweka kodi ya senti moja kwa kila pakiti ya sigara, lengo likiwa kupata dola milioni 50 za kununulia maeneo ya mapumziko na hifadhi. Serikali ya shirikisho ilifuata: Rais Kennedy alipeleka pendekezo bungeni, na baada ya kifo chake Rais Johnson akatia saini sheria ya Mfuko tarehe 3 Septemba 1964. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1965.

Chanzo cha fedha hizo nacho kinahitaji maelezo, maana hapa ndipo watu wengi hukosea na kudhani kwamba ni kodi ya mishahara yao. Mwanzoni Mfuko ulitegemea ada za viingilio, kodi ya mafuta ya boti na mauzo ya mali za serikali zisizohitajika, na mapato hayo hayakutosha. Mwaka 1968 Bunge liliamua kwamba pengo lijazwe kwa mapato ya mafuta na gesi inayochimbwa chini ya bahari, katika eneo linalomilikiwa na serikali ya shirikisho. Kampuni zinazochimba huko hulipa pango na mrabaha, na sehemu ya malipo hayo huingia katika Mfuko. Hoja iliyotumika inaeleweka hata na bibi yangu aliyelima maisha yake yote: mali ya asili ya wote inapotolewa ardhini na kwisha, sehemu ya thamani yake irudi kwa wote katika umbo la mali nyingine ya asili isiyokwisha. Mwaka 1977 kiwango cha mwaka kilipandishwa hadi dola milioni 900.

Hata hivyo, kiwango cha kwenye sheria na fedha zinazotoka ni vitu viwili. Kwa miongo mingi Bunge liliidhinisha matumizi ya chini ya kiwango hicho, na kinachobaki kikaelekezwa katika mambo mengine. Mwaka wa fedha 1982 majimbo hayakupata fungu jipya la ruzuku, na hali hiyo ikajirudia kuanzia 1996 hadi 1999. Mwaka 2015 sheria yenyewe iliachwa ikamaliza muda, ikahuishwa kwa miaka mitatu, kisha ikamaliza muda tena Septemba 2018. Ufumbuzi ulikuja kwa hatua mbili: sheria ya Machi 2019 iliufanya Mfuko uwe wa kudumu, na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Agosti 2020 ikaamuru kwamba dola milioni 900 zitolewe zote kila mwaka bila kusubiri huruma ya kamati za bajeti. Katika mwaka ule wa mivutano mikali ya kisiasa, Seneti iliipitisha kwa kura 73 dhidi ya 25. Nilikuwa nikifuatilia kura hiyo, na sioni aibu kusema kwamba nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa njia.

Sasa, fedha zinafikaje kwenye mji kama wetu? Sheria inataka angalau asilimia 40 iende katika ununuzi wa ardhi ya shirikisho yenyewe, na angalau asilimia 40 iende kwa majimbo. Sehemu ya majimbo husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, na hugawanywa kwa kanuni: fungu moja ni sawa kwa wote, na linalobaki hufuata mahitaji, hasa idadi ya watu, bila jimbo lolote kuruhusiwa kupata zaidi ya asilimia 10. Ili lipate mgao, kila jimbo lazima liwe na mpango wa mapumziko ya nje unaosasishwa kila miaka mitano kwa kushirikisha wananchi. Kisha jimbo hutangaza nafasi, miji na kaunti huwasilisha maombi, maombi hupewa alama, na yanayoshinda hupelekwa kwa Shirika kuidhinishwa. Ruzuku hulipa hadi nusu ya gharama. Nusu nyingine ni ya mji, na kwa kawaida mji hutangulia kulipa ndipo urejeshewe.

Na sharti lenyewe ni hili. Ardhi ikishanunuliwa au kuendelezwa kwa fedha za Mfuko, inabaki kuwa ya mapumziko ya nje ya umma daima. Sheria haisemi miaka 20, wala 50, wala 99. Halmashauri haiwezi kuiuza, kuipa kampuni, kuijengea ofisi wala hata kuijengea shule bila idhini ya Serikali ya shirikisho, na idhini hiyo haitolewi mpaka ipatikane ardhi nyingine ya kufidia, yenye thamani ya soko isiyopungua ile ya kwanza, na inayofaa kwa matumizi na mahali kwa kiasi kinacholingana. Katika sheria ni aya fupi ya kifungu cha 6, na maofisa wa bustani huitaja kwa namba yake kama wacha Mungu wanavyotaja aya za maandiko.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikumbuka kiwanja tulichochezea mpira utotoni, ambacho sasa kina maduka pande zote nne. Naomba michango yenu na maswali.

Msoma Ramani

Mkuu Mpandamiti, nakushukuru kwa uzi wenye mashiko. Nipo Dar es Salaam na kazi yangu ya kila siku inahusiana na ramani za mipango miji, kwa hiyo neno "daima" limenisimamisha. Kwetu, eneo la wazi huonekana vizuri kabisa kwenye ramani iliyoidhinishwa, limepakwa rangi ya kijani, na tangu ipitishwe Sheria ya Mipango Miji ya 2007 hatuwezi kusema kwamba hatuna sheria. Lakini nimeshakwenda uwandani nikiwa na ramani mkononi, nikakuta kwenye kijani kuna gereji, ukuta na geti. Matumizi yalibadilishwa hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na barua yake.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, hati ya ardhi hiyo inabaki kwa nani? Pili, nani anasimamia hilo sharti wakati diwani wa leo hakuwepo ruzuku ilipoombwa miaka 40 iliyopita, na mwekezaji ameshafika na michoro yake?

Mpandamiti

Ndugu Msoma Ramani, maswali yako ndiyo kiini cha jambo.

Hati inabaki kwa mji au kaunti iliyoomba. Serikali ya shirikisho haiwi mmiliki wala mbia. Kinachoifunga ardhi ni mkataba wa ruzuku pamoja na ramani ya mpaka unaolindwa, ambayo hutiwa saini na kuwekwa katika jalada la mradi. Ramani hiyo ina nguvu kuliko watu wengi wanavyofikiri, kwa sababu kwa kawaida mpaka wake huzunguka bustani nzima hata kama fedha zilitumika katika kona moja tu. Mji ukipokea ruzuku ndogo kwa ajili ya bembea na mabenchi, ekari zote za bustani hiyo huingia ndani ya ulinzi. Na jimbo hulazimika kukagua maeneo hayo baada ya mradi kukamilika, angalau mara moja kila miaka mitano.

Je, sharti hilo huvunjwa? Hujaribiwa, na nitatoa mifano miwili ya New York inayojulikana kwa umma ili nisionekane nasifia tu.

Wa kwanza ni Bustani ya Macombs Dam huko Bronx, iliyokuwa na viwanja vya mpira na njia ya kukimbilia, nayo ilikuwa imepokea fedha za Mfuko. Mwaka 2006 mamlaka ziliidhinisha uwanja mpya wa Yankee, yaani uwanja wa timu ya besiboli ya Yankees, ujengwe juu ya sehemu yake. Kwa kuwa ardhi ilikuwa chini ya sharti, haikuwezekana kuichukua hivihivi, ilibidi ifidiwe. Uwanja mpya wa Yankee ulifunguliwa Aprili 2009, lakini viwanja vikuu vya kufidia, vilivyojengwa pale uliposimama uwanja wa zamani, vilikamilika mwaka 2012. Watoto wa mtaa ule, mmoja wa mitaa maskini zaidi nchini, walikaa miaka mingi bila kiwanja chao. Kwa maoni yangu huo ni udhaifu mkubwa wa utaratibu huu: sharti linahakikisha ekari zinarudi, lakini halimrudishii mtoto wa miaka kumi utoto wake.

Wa pili ni wa Brooklyn, kando ya daraja maarufu, ambako lilikuwepo ghala la zamani la tumbaku lisilo na paa ndani ya bustani iliyopata ruzuku. Maofisa waliliondoa ghala hilo kwenye ramani ya ulinzi kwa madai kwamba liliingizwa kimakosa, ili litumike kwa shughuli nyingine. Vyama vya wakazi vilikwenda mahakamani, na mwaka 2011 jaji wa mahakama ya shirikisho akaamua kwamba ramani haiwezi kubadilishwa kwa njia hiyo, na kwamba utaratibu wa kufidia lazima ufuatwe. Ghala hilo leo ni ukumbi wa maonyesho, ila lilifika huko baada ya ardhi ya kufidia kupatikana. Kwa hiyo swali lako la "nani anasimamia" lina jibu la ngazi tatu, yaani jimbo, Shirika la Hifadhi za Taifa, na mwananchi anayeijua ramani na yuko tayari kwenda nayo kwa jaji. Ngazi ya tatu ndiyo iliyofanya kazi Brooklyn.

Binti Tana

Nawasalimu kutoka Nairobi. Naomba niongeze upande wetu, kwa sababu naona uhusiano wa kweli na pia tofauti ambayo isipotajwa tutapotea njia.

Bustani ya Uhuru ilifunguliwa rasmi mwaka 1969, na miaka ishirini baadaye ilikuwa karibu kupoteza sehemu yake kwa jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akadhihakiwa bungeni, akasimama imara mpaka wafadhili wakajiondoa na mradi ukafa. Miaka kumi baadaye ilikuwa zamu ya Msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa watu binafsi vipandevipande, na Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa wakienda kupanda miti. Tunaopumzika katika maeneo hayo leo tunapumzika juu ya majeraha ya watu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ugawaji haramu wa ardhi ya umma ulivyokuwa umeenea nchini, na maeneo ya mapumziko hayakusalimika.

Tofauti ninayoiona ni hii. Mfuko anaoueleza ndugu yetu ulibuniwa kwa ajili ya nchi ambako ardhi ya karibu na watu ilikuwa ya watu binafsi, ndiyo maana tatizo la kwanza lilikuwa kununua. Katika miji yetu mikongwe mara nyingi ardhi ilishatengwa, tena bila kununuliwa, na tatizo ni kuibakiza. Kwa hiyo tukisema "tuanzishe mfuko kama wa Marekani" tukafikiria bilioni za shilingi peke yake, tutakuwa tumechukua nusu isiyotuhusu sana na kuiacha nusu tunayoihitaji. Ila katika miji inayokua sasa hivi, kule ambako mashamba yanageuka mitaa kila mwezi bila hata kiwanja kimoja kubaki, hapo naona kununua mapema kungetufaa pia, maana fidia ya leo ni nafuu kuliko ya kesho.

Nina swali pia: je, mmiliki hulazimishwa kuuza?

Mpandamiti

Dada Binti Tana, ahsante kwa kulinyoosha hilo. Nakubaliana nawe kabisa kuhusu nusu ipi inawahusu zaidi.

Kuhusu kulazimishwa: miji ina mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, lakini kamati yetu haijawahi kuyatumia, na sitaunga mkono yatumike kwa ajili ya bustani. Sheria ya shirikisho ya 1970 inataka mwenye ardhi aelezwe thamani halisi ya mali yake, na kama kuna mkazi au mpangaji anayehamishwa, asaidiwe kuhama. Thamani hiyo hukadiriwa na mthamini anayefuata viwango vya shirikisho, ambavyo wathamini huviita Kitabu cha Manjano kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Shamba letu la kando ya mto liliuzwa na familia iliyokuwa imezeeka. Mama mwenye shamba alikubali kuuza sehemu na kutoa sehemu nyingine kama zawadi, na thamani ya zawadi hiyo ikahesabiwa kuwa mchango wa mji katika ile nusu yake. Bila zawadi hiyo tusingeweza.

Baba Riziki

Habari zenu. Mimi naishi Ohio, na nitasema bila kuficha kwamba sijaridhika. Watu wetu wanaokuja wanalia na kodi za nyumba. Ekari ikinunuliwa na mji inatoka kwenye orodha ya mali zinazolipiwa kodi, haijengwi nyumba, na mzigo unabaki kwa waliobaki. Halafu bustani zenyewe nimeziona zikiwa upande wa wenye nafasi, wenye mbwa na baiskeli. Vijana wetu wanacheza mpira katika eneo la maegesho la kanisa. Chama chetu cha jamii kiliwahi kuuliza kama kinaweza kuomba hiyo ruzuku kikaambiwa hapana. Sasa faida yake kwetu ni ipi?

Mpandamiti

Mzee wangu Baba Riziki, shikamoo. Malalamiko yako ni ya haki na sitayapunguza.

Kuhusu kodi, ni kweli ardhi ya mji hailipiwi kodi ya mali, na kwa mji mdogo pengo hilo linaonekana. Ninachoweza kusema ni kwamba shamba letu liko katika bonde linalofurika, mahali ambapo nyumba zingejengwa kisha zikaokolewa kwa boti kila baada ya miaka michache. Ardhi kama hiyo inafaa kuwa nyasi na njia ya kutembea. Sitatetea bustani inayonunuliwa katika ardhi inayofaa makazi ya watu wa kipato cha chini, kama ipo ardhi nyingine.

Kuhusu nani anafaidika, historia iko upande wako. Mji unaoweza kuweka nusu ya gharama mezani na kuajiri mtu wa kuandika maombi ndio unaopata, na ule usioweza hubaki ulivyo. Kwa sababu hiyo mwaka 2014 ilianza programu nyingine ndani ya Mfuko huohuo, inayoshindaniwa kitaifa, kwa ajili ya maeneo ya mijini yenye upungufu wa bustani na wananchi wa kipato cha chini. Vilevile, ingawa fedha nyingine za shirikisho kwa kawaida haziruhusiwi kuhesabiwa katika nusu ya mji, zile za ruzuku ya maendeleo ya jamii zinazotolewa kwa ajili ya mitaa yenye uhitaji zinaruhusiwa. Afisa wa mji asiyelijua hilo anaweza kukataa mradi mzuri kwa sababu ya kukosa fedha ambazo tayari anazo.

Chama chenu kiliambiwa ukweli: wanaoweza kuomba ni majimbo, miji, kaunti na makabila ya wenyeji yanayotambuliwa. Lakini msiishie hapo. Mpango wa jimbo wa kila miaka mitano lazima upokee maoni ya wananchi, na maombi hupewa alama kwa kuangalia mpango huo unasema nini. Ikiwa hakuna mtu aliyesimama katika mkutano akasema kwamba vijana mia moja hawana kiwanja cha mpira wa miguu, mpango utaandikwa kana kwamba vijana hao hawapo. Kwetu hapa walisimama akina mama watatu, mmoja akizungumza Kiswahili na mwanawe akitafsiri, na nilimwona karani akiandika kila neno. Kiwanja cha mpira kinastahili ruzuku maadamu ni cha nje na kiko wazi kwa wote. Ukumbi wa ndani haustahili.

Fundi wa Mipaka

Nafanya kazi ya upimaji ardhi katika jimbo jirani na la mtoa mada, na nimeshiriki katika maombi kadhaa. Nitataja kosa moja tu, kwa sababu limenisikitisha zaidi ya mengine yote. Mji mmoja niliofanya nao kazi ulikuwa na muuzaji mwenye haraka. Maombi yalikuwa yamewasilishwa, kila mtu akiamini yatapita, na wakuu wa mji wakaamua kulipa na kukamilisha hati kabla ya idhini kutoka. Gharama zinazotangulia idhini hazirejeshwi. Lilikuwapo suluhisho halali, nalo ni kuomba mapema, kwa maandishi, ruhusa maalumu ya kununua kwanza bila kupoteza sifa, na ruhusa hiyo hutolewa pale panapokuwa na sababu ya dharura. Hakuna aliyeiomba. Mji ulipata ardhi, ukapoteza ruzuku yote, na fedha zilizokuwa za vyoo na madaraja ya watembea kwa miguu zikaishia kwenye hati.

Jambo jingine ni kuangalia haki za watu wengine ndani ya ardhi: njia za nyaya za umeme, bomba la gesi, haki ya madini iliyouzwa zamani na babu wa muuzaji. Yote hayo yaonyeshwe kwenye ramani ya mpaka kabla ya kutia saini. Baada ya saini, hata mnara wa simu unaotaka kusimama kwenye kona unaweza kuhesabiwa kuwa mabadiliko ya matumizi na kudai ardhi ya kufidia. Na mtenge muda wa kutosha, kwani tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria ya 1969, pamoja na uchunguzi wa mabaki ya kale ya wenyeji, haviwezi kufanywa kwa wiki mbili.

Msoma Ramani

Nimejifunza mengi. Swali langu la mwisho kwa mtoa mada ni hili: mkazi wa kawaida wa huko, asiye mjumbe wa kamati yoyote, atajuaje kwamba bustani ya mtaani kwake iko chini ya sharti hilo?

Mpandamiti

Ndugu yangu, aanze kwenye lango la bustani. Maeneo yaliyopata fedha za Mfuko hutakiwa kuwa na kibao kinachoutaja, mara nyingi kidogo na kilichofifia. Kama hakuna kibao asikate tamaa, maana miradi imekuwa zaidi ya 40,000 tangu 1965 na vibao vingi vimeng'oka. Aiandikie ofisi ya jimbo inayosimamia ruzuku hizi, ataje jina la bustani na kaunti, aombe mambo mawili: namba ya mradi na nakala ya ramani ya mpaka iliyotiwa saini. Ramani hiyo ni hati ya umma. Mimi niliomba ya bustani iliyo nyuma ya shule ya mwanangu, ambayo kila mtu kwenye kamati aliamini kuwa haina ulinzi wowote, na ikaja ramani ya miaka ya 1970 iliyochorwa kwa mkono, mstari mweusi ukizunguka eneo lote mpaka kwenye kijito. Mwaka jana paliletwa pendekezo la kujenga maegesho hapo, nami nilipeleka nakala ya ramani ile kwenye kikao.